Ndege wa Pili Chini ya Chokaa

Asubuhi niliyotoka Ilford sikuwa na mpango wowote. Nilikunja godoro langu sebuleni kwa Dada Rehema, nikanywa chai ya rangi nikiwa nimesimama, nikavaa koti. Dada Rehema hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa muuguzi, mtu wa Tanga kama mimi, aliyenifungulia mlango nilipofika London sina pa kulala. Alikuwa akitafuta kiatu cha pili chini ya kochi, na bila kuinua kichwa akaniuliza naelekea wapi. Nikasema sijui. Akaniambia mwanamke wa umri wangu huamka akijua anakokwenda, nami nikamjibu kwamba ningekuwa najua huko kuna nini, nisingekuwa na haja ya kwenda. Akacheka, kiatu kikapatikana, akanirushia skafu yake ya sufu nisije nikapotea na kupigwa baridi juu ya hayo. Siku hizo hapakuwa na hii treni ya zambarau inayokumeza Ilford na kukutema katikati ya mji kabla hujamaliza kupiga miayo. Nilipanda treni kuukuu, kisha basi, kisha basi jingine nililolichagua kwa sababu tu kiti cha mbele ghorofani kilikuwa wazi. Shule niliiacha kidato cha pili kwa ugonjwa huo huo: dirisha la darasa letu lilitazama barabara kuu, na kila lori lililopita nilitaka kujua limebeba nini.

Basi liliingia Tooting, harufu ya bizari ikapanda hadi juu, nikateremka. Nilipita maduka ya vitambaa na ya vyombo, nikakata kona kwenye uchochoro uliokuwa na banda la zamani la farasi lililogeuzwa duka, na hapo dirishani nikamwona bata wa mbao. Alikuwa mkubwa kama bata wa kweli, rangi yake imekatikakatika mgongoni, jicho moja hana. Kando yake palikuwa na jogoo wa chuma mwenye matundu ya risasi, na nyuma yao, ndani kabisa, viti vimetundikwa ukutani kwenye vigingi kama makoti. Nilisimama pale kama mtu aliyeona harusi ya watu asiowajua. Nikajisemea kwa sauti, kwa Kiswahili, bata gani huyu hana jicho. Mlangoni akatokea mzee wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, fulana imejaa vumbi la mbao.

"Jicho yake ilikulwa na mvua," akasema. "Na wewe ulitoka wapi?"

Nilishtuka, lakini mdomo wangu ulifanya ulichofundishwa: nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, halafu akageuka akamwita mkewe juu ya ngazi, "Mama Jeevan, shuka usikie, kuna mtu ananiamkia."

Wiki iliyopita, miaka mingi baada ya asubuhi ile, Jeevan, binti yao, alinipigia simu. Miaka yote niliyomjua, ukimsemesha Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza; ndivyo walivyo watoto wengi waliozaliwa hapa, wanakusikia vizuri ila ulimi wao umekaa upande mwingine. Safari hii alisema, "Aunti Zuhura, Baba ametutoka," kwa Kiswahili safi cha mama yake, nami nikakaa chini kwenye ngazi za stesheni, watu wakinipita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka na mwaka ule kichwani. Ninapokwangua karoti naukumbuka. Ninapokaa kwenye kiti chochote naukumbuka zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Baba yake Jeevan, Mzee Harbans, alizaliwa Nakuru, katika nyumba za reli, na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kisichojali hiki wala hii. Alipokuwa kijana alikaa Amerika akiendesha lori la mtu aliyenunua vyombo vya zamani kwenye minada ya mashambani, na huko akashikwa na mapenzi ya vitu hivyo. Alipokuja London akaanza kuleta kontena zake mwenyewe: makabati ya chakula yenye milango ya bati lililotobolewa nyota, viti vya fito, masanduku, makopo ya chai yaliyochorwa maua, bata hawa ambao wawindaji waliwaelesha majini ili kuwahadaa bata wa kweli. Wanunuzi wake walikuwa watu wanaokusanya vitu vya aina hiyo na hawataki vingine. Sikuelewa. Kwetu kabati likichakaa unalipiga msasa na vanishi, mgeni akifika anaikuta nyumba inang'aa. Hapa ilikuwa kinyume: rangi ya kwanza, ile aliyoipaka mkulima mwenyewe, ndiyo roho ya kitu, na ukiisugua umekiua. Nilimwuliza bata huyu aliyetengenezwa kwa ajili ya maji sasa akianguka majini itakuwaje. Akasema atakayelia ni yeye, si bata. Niliuliza maswali mpaka Mama Jeevan akatangaza kwamba mtu hawezi kuuliza hivyo bila kula, tukapanda juu. Nilikula chapati na maharagwe ya nazi, na mboga ya majani iliyopondwa ambayo aliipakua kando ya ugali bila kuona ajabu yoyote. Yeye alikuwa mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake laini, na aliniita mwanangu kabla sijamaliza sahani. Kesho yake nikarudi. Keshokutwa yake Mzee akanipa brashi ya manyoya na aproni, na kwa kuwa jina langu lilimshinda kukumbuka, akaniita Tanga.

Nataka nieleze kuhusu viti. Kiti kikishuka kutoka kwenye kontena, Mzee hakukitazama kwanza. Alinikalisha juu yake, akafumba macho, akauliza, "Nyayo ziko wapi?" Mwanzoni nilidhani ananitania. Kumbe mtu aliyekaa kwenye kiti kwa maisha yake yote huegemeza visigino kwenye ule ubao mwembamba unaounganisha miguu ya mbele, na ubao hulika pale pale, rangi ikatoka, mbao ikaingia ndani kama kijiko. Ukikaa vizuri kisigino chako kinatafuta chenyewe kile kishimo, kinaingia, na ghafla uko na mtu. Siwezi kuueleza msisimko ule bila kuonekana mwehu. Mwanamke fulani alikuwa amekaa hapa akimenya maharage, nami kisigino changu kimelala katika kisigino chake. Siku moja alikuja mchuuzi na kiti chekundu kizuri mno, kimechakaa kila mahali, hata chini ya kiti ambako mkono haufiki. Nilikaa, miguu yangu ikatangatanga kama mgeni sokoni. Nikasema, "Mzee, hapa hajawahi kukaa mtu." Mchuuzi akacheka sana, akakibeba kiti chake, akaomba chai kabla ya kuondoka.

Sanduku lilifika mwishoni mwa majira ya baridi. Lilikuwa refu, la mbao ya msonobari, na mtu asiye na huruma alikuwa amelipaka lote rangi ya kijivu ya chokaa, ile inayoacha unga kidoleni. Kwenye kona moja palikuwa na mkwaruzo, na ndani ya mkwaruzo palichungulia wekundu. Mzee alipiga magoti mbele ya kona ile kama anayesikiliza mlangoni. Alinieleza kwamba huko Pennsylvania waliishi wakulima wenye asili ya Kijerumani, na binti alipokaribia kuolewa alichongewa sanduku, likachorwa maua na ndege na jina lake. Wajerumani niliowajua mimi ni wale walioacha majengo mazito pale Tanga. Sikuwahi kufikiri kwamba wengine walikuwa wanachora ndege. Chini ya chokaa hii, alisema, huenda picha nzima ipo. Haiwezekani kuiosha, kwa sababu rangi ya chini nayo ni ya maji, zitaondoka zote mbili. Ukipaka mafuta, chokaa itakuwa kama kioo, utaona kila kitu kwa mara moja, lakini mafuta yakishaingia hayatoki, picha itabaki imezama humo milele na hakuna mkusanyaji atakayeitaka. Njia ni moja: kisu kidogo cha daktari, mkono mkavu, kukwangua chembe kwa chembe.

"Maji hapana, mafuta hapana," akasema. "Na haraka hapana kabisa, Tanga."

Nilianza siku hiyo hiyo. Sijawahi kufanya kazi iliyonifurahisha hivyo, na nimefanya kazi nyingi. Unabana pumzi, unaweka ncha ya kisu karibu imelala, unasukuma, unga unaruka, na chini yake kuna kitu ambacho hakijaonwa na mtu tangu wale waliokifunika wafe. Asubuhi moja ni jani. Baada ya majuma, shina, kisha ua lenye umbo la kikombe, kisha ukucha. Ukucha. Nilipiga kelele, Mzee akaja mbio na lenzi yake, tukausherehekea ukucha ule kwa kebabu za mtaa wa pili. Kufikia masika tulikuwa na ndege mzima upande wa kushoto, kifua chekundu, bawa la buluu, shingo imenyooka kuelekea katikati. Hapo ubishi ukaanza. Mzee alisema upande wa kulia yupo ndege wa pili anayemtazama wa kwanza, maana ndivyo walivyochora siku zote, wawili wawili. Mimi nilisema ni ua tu. Kulikuwa na mwanamke wa Kiingereza, Bi Helen, mkusanyaji wa siku nyingi, mpole, mwenye macho makali kuliko yetu sote. Alikuwa ameomba sanduku lisionyeshwe mtu mwingine, na kila alipopita alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinywa chai ya Mama Jeevan, akitazama kisu changu. Yeye aliunga mkono ndege. Mzee akaniambia nimeshindwa kwa kura, nijiandae kuomba radhi.

Wale wazee wawili walipotaka kusema jambo bila Jeevan kusikia, walisema kwa Kiswahili, kana kwamba asiyekisema hakielewi. Mimi nilikuwa mezani, walinisahau, kama watu wanavyomsahau anayekula kimya. Nilikuwa nachovya chapati kwenye mchuzi Mama Jeevan alipouliza daktari wa macho amesemaje. Mzee akajibu kwamba ni presha ya macho, imeshakula pembeni na sasa inaingia katikati, na dawa inachelewesha tu. Alisema ni kama mlango unaosukumwa polepole. Mama Jeevan akaacha kusukuma chapati. Akauliza basi afanye nini, na Mzee, akisema kama mtu anayeagiza kitu dukani, akajibu, "Nataka kuona hii sanduku mzima kabla mlango haijafunga. Hiyo tu." Jeevan alikuwa anakaanga mayai, mgongo kwetu, hakugeuka. Wiki iliyopita kwenye simu aliniambia alisikia kila neno. Alisema mayai yale yaliungua na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tangu siku hiyo nilikwangua nikiwa na saa tumboni. Nilifika kabla ya duka kufunguliwa. Dada Rehema alisema kama nimepata mchumba Tooting nimlete aonekane. Lakini chokaa ya upande wa kulia ilikuwa ngumu, na nilipobonyeza zaidi kidogo Mzee aliusikia mlio wa kisu kutoka upande wa pili wa duka na kuniita jina langu la utani kwa onyo. Alikuwa ameanza kugonga pembe za meza kwa nyonga. Alimwaga chai kando ya kikombe, akasema kikombe ni kibaya. Kiangazi kilikwisha na mimi nilikuwa nimepata ncha ya bawa tu, au ncha ya jani. Tulibishana hata hapo. Nilimwuliza kwa nini tusipake mafuta kidogo, kipande kidogo, aone. Akaniambia sanduku limetunza picha hiyo kwa muda mrefu kuliko umri wetu ukiunganishwa, na yeye hataiua ili macho yake yafurahi asubuhi moja. Hakusema kwa hasira. Alinirudishia kisu kikiwa kimenolewa.

Halafu ikaja harusi ya Jeevan. Nyumba ilijaa mashangazi kutoka Queensbury na Birmingham, sufuria zilipanda na kushuka ngazi, na banda la duka likahitajika kwa wageni wa nyimbo. Tukavitundika viti vyote, tukalisukuma sanduku hadi mlango mkubwa ili litolewe uani. Mzee alikuwa ndani akifungiwa kilemba kipya. Mama Jeevan akashuka amevaa hariri ya rangi ya embe, mkononi birika dogo la mafuta ya haradali. Kwao chochote kinachovuka kizingiti siku ya harusi, mtu au mzigo wa bibi harusi, hupokewa kwa mafuta yanayomiminwa pembe mbili za mlango. Alimimina kulia, akamimina kushoto, mashangazi wakaimba. Na akaliona sanduku limesimama kizingitini, sanduku la bibi harusi, siku ya harusi ya binti yake, limepauka kwa unga kama mtoto asiye na mama. Akakinga kiganja, akakijaza mafuta, akaanza kulipaka. Alilipaka kama unavyompaka mtoto kichwa, kwa mviringo, akiimba. Nilikuwa nimeshika upande wa pili wa sanduku. Nilisema, "Mama, Mama," lakini wimbo ulikuwa mkubwa kuliko mimi, na alipoinua uso mkono wake ulikuwa umeshapita upande wote wa mbele.

Nyimbo zilikatika moja moja. Mama Jeevan aliangalia kiganja chake, akaniangalia mimi, na rangi ikamtoka usoni. Mzee alikuwa amefika, kilemba hakijamalizika, ncha inaning'inia begani. Aliinusa haradali. Akasema tuufungue mlango mkubwa wote, mashangazi wasogee, na mimi nisizuie jua.

Chokaa ilikuwa inaondoka bila kuondoka. Ilikuwa inageuka, kuanzia pale mkono ulipopita kwanza, kutoka unga kuwa ukungu, kutoka ukungu kuwa kitu kama maji ya kisima yaliyotulia, na chini ya maji hayo picha ikapanda. Maua ya vikombe matatu ndani ya chungu. Jina, kwa herufi za mkia mrefu, Catharina. Nyota mbili. Mzee alipiga magoti, akausogeza uso wake karibu mno, akawa anaizungusha shingo ili kila kipande kipite katikati ya kile alichobaki nacho cha kuonea. Akafika upande wa kulia, akakomea hapo.

"Ni ndege," akasema.

Nikamwambia namuomba radhi.

"Ngoja. Hii hamtazami mwenzake. Angalia shingo."

Ni kweli. Ndege wa pili alikuwa amegeuka, mkia kwa mwenzake, anatazama nje ya sanduku, kana kwamba amesikia lori likipita. Mzee hakuwahi kuona hivyo, na Bi Helen, alipofika jioni ile na zawadi ya harusi, naye alisema hakuwahi kuona. Alikaa juu ya ndoo yake na nguo yake nzuri. Alituambia kile tulichokijua, kwamba kwa watu kama yeye sanduku limekwisha, hawezi kulichukua. Kisha akauliza kama anaweza kuendelea kulitazama mpaka litakapoingia giza. Lakini hayo ni baadaye. Saa ile ya mchana, mbele ya mashangazi wote, Mzee alicheka mpaka kilemba kikafunguka. Akamshika mkewe mkono ule ule wenye mafuta. Kisha akanionyesha yule ndege kwa kidole.

"Tanga, hii ni wewe. Hajui kukaa."

Sanduku lilikwenda na Jeevan, likiwa limejaa nguo. Mpaka leo liko nyumbani kwake Queensbury, na aliniambia baba yake, miaka yote ya giza, alilipapasa kila alipopita, kushoto kwenda kulia, akamalizia kwa yule wa pili. Nilimwuliza Jeevan kama aliwahi kumwuliza mama yake alisahau kweli habari ya mafuta au hakusahau. Akasema aliuliza mara moja. Mama alicheka, akasema chai inapoa.

Baada ya harusi, macho ya Mzee yakizidi kufifia, duka lilifungwa. Nilikuwa nimekunja tena godoro kwa Dada Rehema, na sasa nilijua lori limebeba nini, ila nilitaka kuona lilikopakiwa. Karatasi za safari zilinichosha, Bi Helen alinisaidia kuzijaza, na Mzee alinipa jambo moja tu la kubeba: nikifika nimpigie simu, nimwambie kilichopo. Nilishuka kwenye basi huko Pennsylvania kwenye mji ambao sikuwa nimeupanga, kwa sababu dirishani niliona ghala jekundu lenye nyota kubwa ukutani, kama zile za sanduku. Nilitembea na begi langu kando ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa mpaka nyumba ya kwanza yenye kibao cha chumba cha kupanga. Mwenye nyumba, mama mwenye mikono ya unga, alinitazama skafu, akanitazama viatu, akasema chumba kipo juu, kina baridi, supu iko tayari. Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha, na kiti cha fito, kijani.

Niliomba simu jikoni. Waya wake ulikuwa mrefu, nikaupandisha ngazi hadi chumbani. Mzee aliitikia baada ya mlio wa kwanza. Nilimwambia kuhusu ghala, nyota, mahindi, mto uliokuwa na bata wa kweli wenye macho mawili. Nyuma yake nilisikia Mama Jeevan akiuliza anasemaje. Nikamwambia na chumbani kuna kiti.

"Kaa," akasema. "Nyayo ziko wapi?"

Nilikaa. Visigino vyangu vikarudi nyuma, vikatafuta, vikateleza ndani ya vishimo viwili vilivyonisubiri.

"Ziko hapa, Mzee," nikamwambia. "Nimekaa."